Mzigo Mmoja, Njia Nyingi: Namna ya Kupitisha Faili za Mashamba Kutoka Programu Moja Kwenda Nyingine



Zamani mnunuzi wa kakao au kahawa alifika kwenye depo na maswali mawili: mbegu zimekauka? bei ni ngapi? Leo anaongeza swali la tatu: shamba iko wapi? Na ukimwambia "iko kule nyuma ya kilima", hatosheki. Anataka namba za GPS, tena ndani ya faili, na kila shamba lijulikane ni la nani.

Katika koperative nyingi za Butembo na Beni kazi ya kupima mashamba imekwisha kuanza. Fundi anazunguka shamba na simu, anapiga picha, anajaza fomu, anarudi. Mara nyingi shida haiko kule shambani. Shida inaanza wakati faili zinatoka katika programu ya kupima, zinaingia WhatsApp, zinapita kwa sekretere, zinafika kwenye ordinatere ya ofisi, halafu kwa mnunuzi. Kila hatua kitu kinabaki njiani. Picha inafika, mpaka wa shamba haufiki. Mpaka unafika, jina la mwenye shamba halijulikani. Msimu unafika, na mkulima aliyetembezwa jua kali kuonyesha mipaka yake anaambiwa: "Wewe hauko kwenye liste."

Katika makala hii tunaeleza kwa nini vitu vinapotea, na namna ya kufunga faili ziwe mzigo mmoja unaosafiri salama. Hakuna haja ya kuwa fundi wa ordinatere. Mtu anayejua kufunga mfuko wa kakao na kuuwekea etikete yake ataelewa.

Kwa nini faili hizi zina uzito

Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria namba 2023/1115. Sheria hiyo inagusa mazao saba: ng'ombe, kakao, kahawa, michikichi, mpira, soya na mbao. Kakao, kahawa na michikichi tunayalima huku kwetu. Inasema kwamba mazao haya hayaruhusiwi kuingia soko la Ulaya kama yametoka kwenye ardhi ambayo msitu wake ulikatwa baada ya tarehe 31 Desemba 2020.

Ili hilo lijulikane, kila kipande cha ardhi kinatakiwa kionyeshwe kwa namba. Shamba lenye zaidi ya hektari 4 linahitaji poligoni, yaani mstari unaozunguka mipaka yake yote. Shamba la hektari 4 au chini yake linaweza kuonyeshwa kwa pointi moja ya GPS, na namba ziwe na tarakimu sita nyuma ya nukta. Tarehe ya sheria hiyo kuanza kazi imesogezwa mbele zaidi ya mara moja, lakini hiyo isitulaze usingizi. Kupima mashamba ya wanachama mia tano si kazi ya wiki moja, na mnunuzi anayejipanga mapema anauliza mapema.

Mwenye kujibu mbele ya serikali za Ulaya ni yule anayeingiza bidhaa kule. Lakini yeye hajui shamba la mtu hata moja huku Beni. Habari zote anazipata kwetu. Basi faili ikikosekana, kakao yenyewe inaweza kuwa nzuri sana na bado ikakosa njia.

Kila programu iko na nyumba yake

Tuanze na simu yenyewe. Ndani ya simu ya Android, kila programu, ile wengi wetu tunaita aplikasiyo, inaishi katika nyumba yake, na mlango umefungwa. WhatsApp haiingii katika nyumba ya programu ya kupima shamba. Programu ya picha haiingii katika nyumba ya programu ya fomu. Si hitilafu. Simu imejengwa hivyo kwa makusudi, ili programu moja mbaya isiibe vitu vya zingine zote. Tangu Android 11, iliyotoka mwaka 2020, kuta zimekuwa nene zaidi: hata programu ya kutazama faili haiingii tena kirahisi katika nyumba za wengine.

Hii inaeleza mambo mawili ambayo yanachanganya watu.

La kwanza: fundi anapiga picha ndani ya programu ya fomu, halafu anaitafuta kwenye galeri ya simu, haioni. Anafikiri imepotea. Haijapotea, iko ndani ya nyumba ya ile programu, pamoja na fomu yake.

La pili ni la hatari: mtu akifuta programu, nyumba yake inabomolewa pamoja na vyote vilivyomo. Simu ikijaa na fundi akaondoa programu ya fomu ili apate nafasi, fomu zote ambazo hazijatumwa zinaondoka nayo. Ni vile vile akienda katika mipangilio ya simu na kubonyeza "Effacer les données". Kwa hiyo sheria ya kwanza ni hii: musifute programu ya kupimia, wala musimpe mtoto ile simu aichezee, mpaka kila kitu kimetoka na kimehakikishwa kule kilikofika.

Mashirika mengi huku kwetu yanatumia KoboCollect kwa kujaza fomu. Kazi ya Kobo ilianzia jirani kabisa, Uganda Kaskazini, na jina lenyewe ni neno la Kiacholi lenye maana ya kuhamisha. Programu hiyo inafunga mzigo yenyewe: fomu, picha na namba za GPS zinakaa pamoja. Inafanya kazi bila rezo, halafu fundi akifika mahali penye rezo anatuma kwenye seva. Kutoka kwenye seva, ofisi inaweza kushusha habari kwa aina mbalimbali, na picha zote zinashuka ndani ya faili moja ya zip. Mukiwa munatumia njia hiyo, musianze tena kutuma fomu moja moja kwa WhatsApp. Tumieni seva, kisha mutoe mzigo kamili kule.

Lakini si kila koperative iko na seva. Wengi wanatumia programu ndogo ya bure ya GPS, wanazunguka shamba, halafu wanataka kumpa sekretere ile faili. Hapo tunahitaji kujua mlango.

Mlango unaitwa "Partager"

Katika simu zetu za Kifaransa mlango huo ni neno "Partager", au ile alama ya vidoto vitatu vilivyounganishwa kwa mistari. Katika programu za GPS mara nyingi kuna pia neno "Exporter", na linakuja kwanza. Ukibonyeza "Exporter", programu inatengeneza faili. Ukibonyeza "Partager", simu inauliza: nipeleke kwa nani? WhatsApp, Bluetooth, imeli?

Hapa kuna jambo la kuelewa vizuri. Programu inayotuma haifungui nyumba yake yote. Inampa yule anayepokea ruhusa ya kitambo kwa faili ile moja tu, kama vile unavyompitishia jirani sahani kwenye dirisha. Yule anayepokea anachukua kopi na kuiweka ndani ya nyumba yake. Kutoka dakika hiyo kuna faili mbili. Fundi akisahihisha mpaka wa shamba katika programu yake, ile kopi iliyo katika WhatsApp ya sekretere haibadiliki.

Ndiyo maana katika ofisi moja mutakuta shamba la mtu mmoja liko na kopi nne, na hakuna anayejua ya kweli ni ipi. Dawa yake ni jina la faili. Musiache jina ambalo simu inatoa yenyewe, kama "track_003" au "export(2)". Andikeni: koperative, kijiji, tarehe, na namba ya toleo. Kwa mfano: KOOP-MANGINA-2025-03-14-T1. Ukisahihisha, toleo jipya linaitwa T2. Anayeona T1 na T2 pamoja anajua achukue ipi. Tarehe tunaianza na mwaka, sababu simu inapanga majina kwa kufuata herufi na namba, na hivyo faili zitajipanga zenyewe kwa wakati wake.

Faili zenye ndugu

Sasa tufike kwenye chanzo cha hasara nyingi. Kuna faili zinazotembea peke yake, na kuna faili zenye ndugu ambao hawatakiwi kuachana.

Aina ya kwanza ni GeoJSON. Ni faili moja ya maandishi, ndani yake kuna mipaka na habari za shamba. Mfumo wa Umoja wa Ulaya wa kupokea habari za mashamba unapokea aina hii. Ni aina nzuri ya kumpa mnunuzi.

Aina ya pili ni KML, inayosomwa na Google Earth. Dada yake ni KMZ. Watu wengi hawajui kwamba KMZ ni zip tu: ndani yake kuna KML, na pengine picha zinazofuatana nayo. Maana yake ni mzigo uliokwisha kufungwa. Musiufungue bila sababu. Utumeni jinsi ulivyo.

Aina ya tatu ndiyo inayosumbua: Shapefile. Inaitwa kwa jina moja lakini si faili moja. Kuna ya .shp yenye michoro, kuna ya .shx yenye kuonyesha kila mchoro uko wapi, na kuna ya .dbf yenye majina na habari. Bila hizo tatu hakuna kitu kamili. Kuna pia ya .prj, inayosema namba zimepimwa kwa mfumo gani. Zote zinabeba jina moja na kutofautiana kwenye herufi za mwisho. Mtu akituma ile ya .shp peke yake, anayepokea anakuwa kama mtu aliyepewa mifuko ya kakao bila etikete, na mara nyingine hata kufungua mifuko hawezi. Na mtu akibadilisha jina la moja na kuacha zingine, hazitambuani tena.

Kwa hiyo: Shapefile isisafiri kamwe bila kufungwa ndani ya zip. Kama munaweza kuchagua, ombeni programu itoe GeoJSON au KMZ.

Namna ya kufunga mzigo

Zip ni namna ya kuweka faili nyingi ndani ya faili moja. Si kitu kipya. Ilitengenezwa mwaka 1989 na Mmarekani Phil Katz, na leo karibu kila ordinatere na simu zinaielewa. Inafanya kazi mbili: inaunganisha, na inapunguza uzito. Maandishi yanapungua sana. Picha hazipungui karibu kitu, sababu zimekwisha kukandamizwa na simu yenyewe. Mukitaka kupunguza mega za forfait, punguzeni ukubwa wa picha katika mipangilio ya kamera kabla ya kwenda shambani. Picha ya kuonyesha kipande cha shamba haihitaji kuwa kubwa kama bango la kanisa.

Hatua ni hizi:

1. Fungueni programu ya faili ya simu, inayoitwa "Fichiers" au "Mes fichiers". Tengenezeni dosie moja na muipe jina lile tulilosema.

2. Ingizeni ndani yake kila kitu cha kijiji hicho: faili ya mipaka, picha, na ile tablo ya namba za mashamba.

3. Wekeni pia faili ndogo ya maandishi yenye mistari mitatu: nani alipima, tarehe gani, mashamba mangapi. Hiyo ndiyo etikete. Anayefungua atahesabu, na akikuta 46 mahali palipoandikwa 48 atajua mara moja kwamba mawili yamebaki njiani.

4. Gusa dosie kwa muda mrefu mpaka ichaguliwe, halafu tafuta neno "Compresser". Simu itatoa faili moja yenye .zip mwishoni. Kama simu yako haina neno hilo, fanya kazi hii kwenye ordinatere ya ofisi.

5. Kabla ya kutuma, fungua ile zip wewe mwenyewe na utazame ndani. Mzigo unakaguliwa kwenye depo, si kwenye bariere.

Kutuma: barabara tatu

Barabara ya kwanza ni WhatsApp. Munajua kutuma picha, lakini kutuma picha kama picha ni njia mbaya kwa kazi hii. WhatsApp inaipunguza ukubwa na kuondoa habari zilizofichwa ndani yake, kama vile mahali ilipopigwa. Picha inayofika inapendeza kwa macho, lakini haiwezi tena kusema ilipigwa wapi. Bonyezeni alama ya trombone, chagueni "Document", halafu muchague ile zip. Hapo faili inapita bila kuguswa. Anayepokea aipakue siku hiyo hiyo na kuihifadhi nje ya WhatsApp, katika dosie ya kazi. Musitumie mazungumzo ya WhatsApp kama depo. Siku simu inaibiwa au inaanguka mtoni, depo inaondoka.

Barabara ya pili ni simu kwa simu bila intaneti: Bluetooth, au Quick Share, ile iliyoitwa Nearby Share mpaka mwaka 2024. Hii haitumii mega hata moja, na ni nzuri kwa fundi anayefika ofisini jioni. Bluetooth ni ya polepole; kwa mzigo wa picha nyingi chukueni Quick Share. Tena, Bluetooth ya simu fulani inakataa faili ambayo haijui aina yake, kama GeoJSON. Iwekeni ndani ya zip, itapita. Hii ni sababu nyingine ya kufunga mzigo.

Barabara ya tatu ni kadi ya memwari au ufunguo wa USB unaobebwa na mtu. Mahali ambapo rezo ni ya kubahatisha, mtu wa moto anafika kabla ya WhatsApp. Lakini kadi hiyo inapita barabara zetu hizi tunazozijua, na tutarudi kwenye jambo hilo hapa chini.

Kufungua na kukagua namba

Anayepokea zip afanye kwanza "Extraire", yaani atoe vyote nje. Wengi wanagusa tablo ya Excel ikiwa bado ndani ya zip, wanajaza, wanafunga, na kesho kazi haiko. Toeni kwanza, halafu mufanye kazi.

Baada ya hapo fungueni mipaka kwenye Google Earth na mutazame kwa macho. Kuna makosa matatu ambayo ramani inayaonyesha mara moja.

Kosa la kwanza ni kugeuza namba. Beni iko karibu na latitudo 0.49 na longitudo 29.47. GeoJSON inaandika longitudo mbele. Programu nyingi za simu zinaandika latitudo mbele. Mtu akinakili kwa mkono bila kuangalia, shamba la kakao la Beni linahamia latitudo 29.47 na longitudo 0.49. Unajua ni wapi? Ni Algeria, katikati ya jangwa la Sahara. Kompyuta ya mnunuzi haitacheka, itakataa tu.

Kosa la pili ni la watu wa upande wa Lubero. Ikweta inapita kati ya Butembo na Lubero. Butembo iko kaskazini, Lubero-centre iko kusini, na namba za kusini zinabeba alama ya kutoa mbele yake: -0.158, kwa mfano. Ile alama ndogo ikianguka wakati wa kunakili, shamba la Lubero linaruka ikweta, linasogea kama kilomita 35, na kutua karibu na Butembo. Hili ni kosa baya kuliko la Sahara, sababu linafanana na ukweli.

Kosa la tatu ni la nukta na virgule. Ordinatere nyingi huku ziko kwa Kifaransa, na Excel ya Kifaransa inangoja virgule mahali ambapo simu imeandika nukta. Inaweza kuona namba kama maneno tu. Kabla ya kufungua faili ya CSV, tumieni njia ya kuingiza data na muelezee Excel kwamba nukta ndiyo alama ya desimali. Na musikate tarakimu ili tablo ionekane safi. Tarakimu ya sita ni kama sentimita 11 ardhini, ya nne ni kama mita 11, ya pili ni zaidi ya kilomita moja. Anayebakiza tarakimu mbili amelipeleka shamba kijiji kingine.

Kwa wale wanaolima karibu na mbuga ya Virunga, iliyoundwa mwaka 1925, jambo hili si la kuchezea. Pointi iliyokosewa kidogo inaweza kumwonyesha mkulima wa haki kama mtu anayelima ndani ya mbuga. Simu ya kawaida inakosea mita chache hata ikiwa nzuri, na chini ya majani ya kakao inakosea zaidi. Fundi asimame, angoje mpaka programu ionyeshe usahihi wa karibu mita 5, ndipo achukue pointi.

Majina yasisafiri na mashamba

Sasa jambo la uzito kuliko yote. Mzigo tunaoufunga una nini ndani? Majina ya watu, namba za simu, wakati mwingine picha ya karte d'électeur, mahali shamba liko, na kilo ambazo kila mtu anauza. Mtu mbaya akiupata, amepata liste ya nani ako na pesa, lini, na njia ya kufika kwake. Watu wa Beni hawahitaji kuelezwa zaidi. Tangu mwaka 2014 kila familia inajua maana ya mtu mwenye silaha kujua shamba lako liko wapi.

Kwa hiyo tunashauri mizigo miwili, si mmoja. Mzigo wa kwanza una mipaka na namba ya kodi tu: shamba M-017, shamba M-018. Huu ndio unaosafiri kwa WhatsApp, kwa moto, kwa mnunuzi. Mzigo wa pili ni tablo inayosema M-017 ni nani. Huo unabaki ofisini, na kama ni lazima uende, ufungwe na neno la siri. Programu nyingi za zip kwenye ordinatere zinaruhusu kuweka "mot de passe". Neno hilo musiliandike katika ujumbe ule ule. Mpigie anayepokea na umwambie kwa mdomo. Na kundi la WhatsApp la wanachama mia mbili si mahali pa kutumia mzigo wowote wa aina hii.

Sheria ya nchi nayo iko upande wenu. Code du numérique, ordonnance-loi namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inalinda habari za mtu binafsi. Mkulima ana haki ya kuelezwa habari zake zinaenda wapi na za kufanya nini, kabla ya fundi kuwasha simu.

Tena, mtu anayezunguka porini na simu mkononi akichora mistari anaweza kushukiwa. Fundi ajulishe kwanza chef wa kijiji na wakubwa wa usalama wa mahali, na atembee na mwenye shamba. Na kama shamba liko mahali ambapo watu hawafiki kwa sababu ya usalama, libaki bila kupimwa. Andikeni kwenye tablo "halijafikiwa", na tarehe. Hakuna mkataba wa kakao unaolingana na roho ya mtu.

Kopi ni ya koperative

Neno la mwisho linahusu mali. Mara nyingi anayelipia kazi ya kupima ni mnunuzi au mradi. Fundi wao anakuja, anapima, faili zinaenda kwenye seva yao, na koperative inabaki na mikono mitupu. Mwaka unaofuata mnunuzi mwingine anatoa bei nzuri zaidi, lakini anauliza faili. Koperative haina. Inabidi kupima upya, au kurudi kwa yule wa kwanza na kukubali bei yake. Hapo mkulima amefungwa kwa kamba ambayo haionekani.

Kabla ya kumruhusu mtu kupima, komite iandike katika mkataba: kopi kamili ya faili zote, kwa GeoJSON au aina nyingine inayofunguka popote, itapewa koperative mwishoni mwa kazi. Ikipatikana, hifadhini kopi tatu: moja kwenye ordinatere ya ofisi, moja kwenye disiki au ufunguo wa USB unaokaa nyumba nyingine, na moja mbali, kwa mfano kwenye nafasi ya intaneti yenye neno la siri. Ofisi inaweza kuungua, mji unaweza kukimbiwa usiku mmoja. Tumeyaona haya huku kwetu.

Kabla ya kutuma, ulizeni maswali sita

1. Jina la faili lina koperative, kijiji, tarehe na toleo?
2. Kila kitu kiko ndani ya zip moja, na Shapefile iko na ndugu zake wote?
3. Etikete inasema mashamba mangapi, na hesabu inalingana?
4. Mipaka imefunguliwa kwenye ramani na kuonekana mahali pake, si Sahara wala upande mwingine wa ikweta?
5. Majina ya watu yameondolewa katika mzigo unaosafiri?
6. Koperative imebaki na kopi yake?

Likikosekana jibu moja, mzigo usitoke. Na kwenye mkutano ujao wa komite, mwanachama yeyote anaweza kusimama na kuuliza: "Faili ya shamba yangu iko wapi leo, na nani ako na ufunguo wake?" Sekretere akiweza kufungua ordinatere na kuonyesha jibu, koperative yenu iko kwenye njia nzuri. Kama hawezi, anzeni kazi hiyo sasa, kabla ya msimu kufika.

Kazi njema, na mavuno mema.